Kunguru wa Kisongo

Kabla mambo hayajamgeuka Gadiel, mtu akialikwa harusini upande wa Kisongo alikuwa na swali moja tu: MC ni nani? Akiambiwa ni Gadiel, alipiga pasi nguo zake kwa moyo mweupe, kwa sababu alijua siku hiyo hakuna atakayesinzia kitini.

Gadiel alikuwa Mwarusha wa hapo hapo Kisongo, mtoto wa wafugaji wenye shamba la mahindi na maharage nyuma ya nyumba. Alikuwa mrefu, kifua kipana, na sauti yake ilifika kwenye mlango wa ukumbi hata kabla maiki haijawashwa. Kazi ya kusherehesha hakuisomea. Alianzia kwenye umoja wa vijana wa usharika, akitangaza mechi za mpira na harambee za ujenzi wa kanisa. Siku moja mzee mmoja akamwomba amwendeshee sherehe ya kipaimara ya mwanawe, na kuanzia hapo Jumamosi za Gadiel hazikuwa zake tena. Alijua kuchanganya Kiswahili na Kimaa, na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, ikiingia ukumbini alitupia na Kichaga cha kuokoteza, hata wageni waliotoka mbali wakajiona wako nyumbani. Wazee waliokuja wamenuna kwa sababu ya maneno ya mahari waliondoka wameshikana mikono.

Hata mke alimpata kwa njia hiyo. Ilikuwa harusi ya Akheri, huko mlimani kwa Wameru, ukumbi umezungukwa na migomba na kahawa. Gadiel akajitia kuwasalimia mashangazi wa bibi harusi kwa Kimeru, akachapia vibaya. Msichana mmoja akasimama katikati ya watu na kusema kwa utulivu, “Si hivyo. Rudia.” Akarudia. Msichana akatikisa kichwa. “Bado. Rudia tena.” Ukumbi mzima ulikuwa unacheka, na MC mwenyewe anatokwa jasho. Msichana huyo alikuwa Elieshi, mwalimu aliyetoka chuoni karibuni, na mwaka haukuisha kabla Gadiel hajapeleka washenga kwao.

Wakajenga Kisongo. Wakampata binti yao Resiato, wakamsomesha, akapata kazi Babati. Elieshi alifundisha darasa la tatu katika shule ya msingi moja ya Levolosi, akiondoka alfajiri na kurudi alasiri na chaki kwenye mikono ya gauni. Wakati huo Gadiel alikuwa shambani au kwa ng'ombe wake. Jumamosi ikifika alivaa suti, akawa mtu mwingine.

Siku mambo yalipomgeuka, alikuwa katika ukumbi mmoja wa Themi. Jua lilikuwa bado halijazama. Keki ilikuwa imeshakatwa, wazazi wamekaa, na ilikuwa zamu ya kumwita bibi harusi asimame awatambulishe ndugu zake. Gadiel akageuka, akanyoosha mkono kama alivyozoea, akasema, “Na sasa, wapendwa, namkaribisha meza.”

Watu wakacheka. Walidhani ni utani wake.

Akasikia kosa lake mwenyewe. Neno alilokuwa akilitaka alikuwa akiliona wazi kama anavyoliona shela la yule binti, lakini alipofungua mdomo kulichukua, likatoka lile lile. “Meza,” akasema. “Meza wetu mpendwa.” Watu wakazidi kucheka, wengine wakapiga meza kwa viganja. Katika kelele zile zote, aliyeona kuwa kuna jambo alikuwa Sumari, rafiki yake wa miaka mingi aliyempigia muziki kila sherehe. Aliona mdomo wa Gadiel umeteremka upande mmoja, na maiki inamponyoka mkononi. Sumari akazima muziki, akaruka spika, akamdaka kabla hajafika sakafuni.

Daktari alisema ni kiharusi, kimepiga upande wa kushoto wa ubongo, na huko ndiko yanakokaa maneno. Akili yake ni nzima, anaelewa kila kitu. Kutamka ndiko kulikokatika.

Kusikia kwamba akili yake ni nzima hakukumfariji Gadiel. Aliporudi nyumbani, mguu wa kulia ukiburuta na mkono umelegea, aligundua kuwa dunia imegawanyika mafungu. Kuna waliozungumza naye kwa kupaza sauti kama kiziwi. Kuna waliomzungumzia mbele yake kama vile ametoka nje. Jirani mmoja alikaa sebuleni akinywa chai na kumuuliza Elieshi, “Hivi anatujua?” Gadiel alikuwa amekaa kiti cha pili, anamwangalia, anakumbuka kuwa ndiye aliyesherehesha harusi ya mtu huyo na hata rangi ya sare ya wasimamizi wake.

Kila kitu kilikuwa meza. Akitaka shati, meza. Akitaka kusema ng'ombe hawajarudi, meza. Jambo la ajabu ni kwamba jioni familia ilipokaa sala, Baba Yetu ilimtoka yote, mwanzo hadi amina, bila kukwama, na nyimbo za kanisani aliziimba beti nzima. Ndugu yake mkubwa aliposikia hivyo akafurahi, kisha akakasirika.

“Kumbe anaweza,” alisema. “Huyu anadeka tu.”

Elieshi akamweleza kwamba maneno yaliyokaririwa tangu utotoni hupita njia nyingine, ndivyo walivyoambiwa hospitalini. Kaka mtu akatikisa kichwa, haikumwingia. Asubuhi iliyofuata Gadiel alikuwa na kiu. Alikaa jikoni, akanyoosha kidole kuelekea ndoo, akasema neno lile lile moja. Msichana wa kazi akamletea kitambaa cha meza. Gadiel akakitupa chini, akaenda kulala na kiu yake, uso kwa ukuta.

Kuanzia hapo aliacha kujaribu. Watu wakija, anajifanya amelala. Sumari alikuja Jumapili baada ya ibada, akakaa pembeni ya kitanda.

“Kaka,” alisema, “watu wa Usa River wananiita niwaendeshee sherehe mwenyewe. Nimewaambia nitakuuliza kwanza.”

Gadiel akamtazama. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, ya baraka na ya wivu pia, maana moyo wa mtu hauna sehemu moja. Mwisho akamshika mkono, akatingisha kichwa kukubali. Sumari alitoka akifuta macho. Alipobaki peke yake, Gadiel alijiambia kwamba kazi yake imekwisha na kuna mtu amekuja kumuaga.

Hospitalini kulikuwa na mama mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya usemi, aliyekuwa akija mara chache kutoka mbali. Alikuwa amemwambia Elieshi mambo machache tu: maneno hayajafa, ni njia zake zilizoziba. Zungumza naye kila siku. Muulize maswali yasiyojibika kwa kutingisha kichwa. Usimnyang'anye neno mdomoni hata likichelewa, na usimpigie makofi kama mtoto likija. Elieshi aliyashika, lakini alipomuuliza mumewe umeamkaje, au unataka kula nini, mumewe alifumba macho. Maswali kuhusu yeye mwenyewe yalimuuma.

Mlango ulifunguka siku ambayo Elieshi hakuwa akiutafuta. Alikuwa amerudi kutoka kazini amechoka, ameweka beseni la maharage mapajani, anachambua huku analalamika. Gadiel alikuwa amekaa barazani naye kwa kuwa chumbani kulikuwa na joto.

“Watoto hawa wa darasa la tatu watanimaliza,” Elieshi alisema. “Nawafundisha vipengele vya hadithi. Wahusika wanajua, mwisho wanajua. Nikiwauliza mandhari, kila hadithi wananiambia msituni. Hadithi ya samaki, msituni. Ya kuku wa mjini, msituni. Wamezaliwa Levolosi, nyumba zimebanana, msitu wenyewe hawajauona, sijui wanautoa wapi.” Akatupa kokoto iliyokuwa kwenye maharage. “Leo nimewasimulia ya kunguru mwenye kiu. Yule aliyekuta mtungi, maji yako chini, mdomo haufiki. Akatia mawe mpaka maji yakapanda. Hadithi fupi tu.” Halafu, kwa mazoea ya miaka yote ya ubaoni, akanyanyua uso na kumuuliza aliyekuwa mbele yake, “Haya, mhusika ni nani?”

Gadiel alimwangalia mkewe. Kisha akajaza kifua hewa na kulia, “Kraa.”

Alilia vizuri, kama kunguru wa kweli, hata kuku wakatawanyika uani. Elieshi akacheka mpaka maharage yakamwagika. Na Gadiel akacheka, kicheko cha upande mmoja, cha kwanza tangu siku ya Themi.

“Sawa, kunguru,” alisema Elieshi akiokota maharage, bila kumtazama. “Na mandhari? Uniambie msituni nikutie fimbo.”

“Kisongo,” alisema Gadiel.

Neno lilitoka zima, halina kovu. Elieshi alitaka kulia, alitaka kumwita jirani, alitaka kupiga simu Babati. Akakumbuka alichoambiwa na yule mama, akaendelea kuokota maharage.

“Kisongo ni kubwa,” alisema. “Sehemu gani?”

Gadiel akafungua mdomo. Likaja “meza”, akalifukuza kwa mkono kama inzi. Akajaribu tena. Hakikuja kitu kingine. Akapiga ukingo wa baraza kwa kiganja, akanyanyuka, akaingia ndani akiburuta mguu. Lakini siku hiyo hakulala uso kwa ukuta. Alikaa kitandani akilirudia lile neno moja kwa sauti ya chini, Kisongo, Kisongo, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli aone kama inazunguka kweli.

Kesho yake alasiri ndiye aliyekuwa wa kwanza barazani.

Wakawa wanafanya hivyo kila Elieshi akirudi. Hadithi ni hiyo hiyo, maswali ni yale yale: nani, wapi, amepatwa na nini, amefanya nini, imeishaje. Yalikuwa maswali ya mtu mwingine, ya ndege, hayakumgusa Gadiel kwenye kidonda. Akikwama hakuwa mgonjwa aliyekwama, ni kunguru aliyechelewa. Kuna siku walizozozana. Kuna siku aliona anafanywa mtoto wa shule katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, akageuza kiti akampa mkewe mgongo. Elieshi aliendelea kuchambua mboga zake mpaka kiti kikageuka tena.

Resiato alikuja likizo. Siku ya kwanza tu alikaa nao barazani, na kila baba yake alipofungua mdomo, yeye alimalizia. “Ku...” “Kunguru, baba.” “Ma...” “Mawe.” Alifanya kwa mapenzi, macho yamemjaa machozi.

“Mwache,” mama yake akamwambia.

“Anateseka, mama.”

“Anatafuta. Anayetafuta kitu chake usimtafutie wewe, utakiweka pasipo pake.” Akamgeukia mumewe. “Baba Resiato, kunguru ana tatizo gani?”

Gadiel akafumba macho. Walimwona anatafuta kweli, midomo inacheza, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Resiato alijishika mikono yake mwenyewe ili asiseme. Ng'ombe mmoja alilia zizini, pikipiki ikapita barabarani, na bado walisubiri.

“Kiu,” alisema Gadiel. Akapumua. “Maji... chini. Maji yako chini.”

Asubuhi yake Gadiel aliingia jikoni na fimbo yake, akasimama mbele ya ndoo, akamwambia binti yake, “Maji.” Resiato alimpa kikombe, akatoka haraka nyuma ya nyumba, na Gadiel akamsikia kule akimweleza mama yake, wote wawili wanacheka na kulia kwa pamoja. Alikunywa maji yale taratibu. Akaomba tena, ingawa kiu ilikuwa imekwisha, kwa raha ya kuomba tu.

Kilichomshinda kwa muda mrefu ni kuyaunga. Maneno alianza kuyapata, lakini yalimjia kama ng'ombe waliotoka zizini bila mchungaji. Kunguru wake alikunywa kabla hajatia mawe. Mara mtungi ulimwagika, mara mawe yaliruka. Elieshi hakumsahihisha. Alimuuliza tu, “Ilikuwaje akanywa na maji yako chini?” na Gadiel akashika kichwa.

Jibu alilipata akiwa peke yake. Alikuwa ameanza kutembea kidogo kidogo kunyoosha mguu, na siku moja alifika kwenye korongo lililo upande wa uwanja wa ndege. Kiangazi kilikuwa kimekaza, korongo limekauka, mchanga mweupe umejaa nyayo za mbuzi. Mlima Meru ulikuwa wazi kwa mbali. Ndege ndogo ya watalii ikapaa juu ya kichwa chake. Gadiel akakaa juu ya jiwe, akasema kwa sauti, bila mtu wa kumsikia, “Kisongo. Kiangazi. Korongo limekauka.” Akaangalia mchanga, akaona pale ambapo mtungi ungewekwa na mama aliyekuja kuchota. “Mtungi huu hapa.” Akaangalia juu. “Kunguru anakuja.” Na kwa kuwa mahali palikuwepo, kunguru alikuwa na pa kutua, mtungi ulikuwa na pa kusimama, mawe yalikuwa chini ya miguu yake tele. Akaenda mpaka mwisho. Kwa kusitasita, kwa kurudi nyuma, lakini alifika.

Akakaa pale akishangaa, kisha akaanza kucheka mwenyewe. Maana alikumbuka kuwa ndivyo alivyokuwa akifanya kila Jumamosi ya maisha yake. Kabla ya kutaja bwana harusi, kabla ya utani wowote, alikuwa akiwaambia watu walipo: tuko ukumbi fulani, mtaa fulani, mvua imenyesha asubuhi, mlima umefunguka, familia fulani imetualika. Hakuwahi kujua ni kwa nini. Aliona ni adabu tu. Kumbe alikuwa akitengeneza uwanja ili maneno yapate pa kukanyaga.

Alimsimulia mkewe jioni hiyo, mwanzo hadi mwisho. Elieshi alisikiliza mikono imekaa mapajani, hana beseni wala mboga.

“Baba Resiato,” alisema, “njoo uwasimulie wanafunzi wangu.”

Gadiel akakataa kwa kichwa, kisha, akikumbuka kuwa sasa ana njia nyingine, akasema, “Hapana.”

“Wale wa msituni,” alisema Elieshi. “Mimi wamenizoea, hawanisikii tena.”

“Watacheka.”

“Watacheka, ndiyo. Ni watoto.” Hakumbembeleza zaidi ya hapo.

Gadiel alilala nalo. Alifikiria ukumbi wa Themi, viganja vikipiga meza, na yeye amesimama katikati ya kicheko ambacho hakukitengeneza. Alikuwa hajasimama mbele ya watu tangu siku ile. Asubuhi ya pili Elieshi alimkuta amekaa sebuleni amevaa suti. Ilikuwa imempwaya mabegani, na kifungo kimoja alikuwa amekikosea tundu. Akakirekebisha, wakatoka.

Darasa lilijaa mpaka wengine wakakaa watatu kwenye dawati la wawili. Alipoingia na fimbo yake, wanafunzi wakasimama kwa kishindo na kuimba kwa pamoja, “Shikamoo, mgeni wetu.”

“Marahaba,” alisema Gadiel. Hilo lilikuja lenyewe.

Elieshi alimwekea kiti mbele. Hakukaa. Aliegemea fimbo, akawaangalia. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, na katika kimya hicho aliona wanafunzi wa nyuma wanaanza kugusana viwiko. Akatafuta mahali pa kukanyaga.

“Kisongo,” alisema. “Mnapajua Kisongo?”

“Ndiyo,” wakaitikia.

“Kiangazi. Jua kali. Ndege zinapaa...” Akanyanyua mkono mzima kuonyesha. “Pale karibu, kuna korongo. Limekauka. Mchanga mtupu.” Alipumzika. “Mama mmoja amesahau... amesahau...” Neno likateleza. Alilifuata, na aliyekutana naye njiani alikuwa yule yule. “Meza,” akasema.

Darasa likacheka.

Kicheko kile kilimpiga kifuani kama siku ile. Elieshi aliyekuwa nyuma ya darasa alishika ukingo wa dawati. Gadiel alisimama na kicheko kile kikamzunguka, akakisikiliza, na mara sikio lake la zamani likaamka. Alikuwa ameishi ndani ya vicheko miaka yote. Alivijua kama mfugaji anavyojua milio ya ng'ombe wake. Hiki hakikuwa na ubaya wowote. Hawa walikuwa wamefurahi, na wanataka zaidi. Akangoja kipungue, kama alivyokuwa akingoja siku zote, akainua nyusi.

“Meza korongoni?” aliwauliza. “Kunguru anakula pilau?”

Wakaangua kicheko, na safari hii kilikuwa chake. Kikiwa bado kinapaa, lile neno likaja lenyewe likatua. “Mtungi,” alisema. “Amesahau mtungi.”

Baada ya hapo alikuwa nao mkononi. Alipokwama, hakuhangaika, aliwaangalia tu mmoja mmoja, na wao wakasogea mbele kwenye madawati, maana walidhani anawatia hamu. Kunguru akaingiza mdomo mtungini, maji hayafiki. Akazunguka mtungi. Akausukuma, ni mzito. Akakaa juu ya jiwe akiwaza. Mwanafunzi mmoja aliyekaa mbele, Eliud, alishindwa kuvumilia akapayuka, “Aondoke aende kwa jirani.” Wenzake wakamnyamazisha. Gadiel akaokota kipande cha chaki sakafuni, akakiinua juu, akakiachia kidondoke ndani ya kikombe cha Elieshi kilichokuwa mezani.

“Jiwe,” alisema. “Jiwe lingine. Jiwe lingine. Maji yanapanda.” Sauti yake, ile ya kufika mlangoni, ilikuwa imeanza kurudi, wanafunzi wa chumba cha pili walikuwa wamejazana dirishani. “Yanapanda. Yamefika.” Akanyamaza, akawaacha wangoje kidogo. “Kunguru akanywa. Akanywa mpaka kiu ikaisha. Akaruka zake.”

Wakapiga makofi mpaka mwalimu wa zamu akaja kuchungulia.

Elieshi akapita mbele. “Haya. Mhusika mkuu ni nani?”

“Kunguru,” darasa zima.

“Mandhari?”

Sauti chache za mazoea zikasema msituni. Msichana mmoja mwembamba, Soila, akasimama hata kabla hajaitwa. “Si msituni, mwalimu. Ni Kisongo, kwenye korongo lililokauka, karibu na uwanja wa ndege. Na ni kiangazi. Ingekuwa masika asingepata shida.”

Gadiel alimsikiliza. Mtoto huyu hakuwahi kukanyaga lile korongo. Alikuwa ameliona, na aliliona kwa maneno yake yeye. Mwingine akasimama akataja tatizo, maji yako chini na shingo ya mtungi ni nyembamba. Hata Eliud akasimama, akaeleza kunguru alivyolitatua, jiwe baada ya jiwe, na kwa nini asingeweza kwenda kwa jirani, kwa kuwa kule kote kulikuwa kukavu. Mwingine akaeleza mwisho. Kila alichokuwa amekitoa kwa jasho kilikuwa kinarudi kwake kizima, kimepangika, hakijapungua, kutoka vinywa vya watoto ambao hawakujua kuwa alikuwa mgonjwa wa maneno. Gadiel alikaa kitini hatimaye, na uso wake ulikuwa unang'aa.

Soila alikuwa bado amesimama. “Mgeni, huyo kunguru anaitwa nani?”

Swali hilo halikuwemo barazani. Elieshi alimtazama mumewe kwa wasiwasi. Hawakuwa wamelifanyia mazoezi.

Gadiel alifikiri. “Hana jina,” alisema taratibu. “Mpeni ninyi jina mnalotaka, mimi nitarudi kulisikia.”

Sentensi ilitoka ndefu hivyo, mpya, haijawahi kusemwa na yeye wala mtu mwingine. Elieshi aligeukia ubao na kuanza kufuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi.

Alirudi kweli. Kwanza darasa hilo, halafu la pili likadai zamu yake, halafu la nne. Mwalimu mkuu akamwekea kipindi cha hadithi siku ya Ijumaa, na watoto wa Levolosi sasa wakimwona barabarani na fimbo yake wanakimbia kumsalimia. Sumari huja kumchukua baadhi ya Jumamosi, wanakwenda pamoja. Sumari anasherehesha, na Gadiel anapewa nafasi moja ya kusimulia, na ukumbi hunyamaza kuliko ulivyonyamaza enzi zake za suti ya kubana. Bado anakwama. Lile neno la zamani humjia mara moja moja, naye hulitazama na kulipisha lipite. Yule jirani aliyeuliza kama anawajua alikuja kumwomba amshereheshee binti yake, na Gadiel akamkumbusha, kwa upole na bila kukosea, rangi ya sare ya wasimamizi wa harusi yake.

Wiki hii anatengeneza hadithi ya fisi mlafi, na ndani ya nyumba hakukaliki. Elieshi anataka mandhari yawe kwao Akheri, kwenye migomba ya mama yake, penye kijani na baridi. Gadiel anasema fisi hali ndizi.

“Anapita tu,” alisema Elieshi.

“Anapita kwenda wapi? Fisi mwenye akili timamu apande mlima, aache mbuzi wote wa Kisongo, akatafute kahawa?”

Elieshi akachukua beseni lake akaingia jikoni, huku nyuma yake mumewe akiendelea kumweleza, kwa sauti kubwa na bila haraka, mahali hasa ambapo fisi yule atapita.